Zornitsa atunga kikwazo cha kumrudisha Mzee Pencho mezani

Saa tisa alasiri, Jumamosi, Zornitsa Velchkova anafuta meza ndefu ya maktaba ya mtaa mjini Ruse, mpakani na Rumania. Anapanga viti, dadu na sinia la banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, iliyotoka jikoni sasa hivi. Halafu anachukua kile kibao cha kadibodi ambacho msimulizi wa mchezo hurushia dadu nyuma yake, anakikunja na kukisukuma chini ya kabati.

"Leo kila dadu itaanguka hadharani," anasema. "Sijui kama atakuja. Moyo unanienda mbio, mwenzangu."

Zornitsa, mwenye miaka arobaini na mmoja, anaishi kwa kutunga michezo ya kuigiza mezani. Wachezaji hujivika watu wa kubuni, yeye huwasimulia yanayowakuta, na penye mashaka dadu ya pande ishirini hukata shauri. Kampuni moja ndogo humlipa kwa vikwazo anavyobuni. Malipo hayo hayatoshi, kwa hiyo asubuhi anauza maua sokoni.

"Watu wanadhani kutunga kikwazo ni kuweka mlango na kufuli tu," anasema akicheka. "Haya, wakishindwa kufungua? Mtakaa mnatazamana mpaka kuche? Mimi naanza kwa kuandika kushindwa. Mtu akikosa, lazima litokee jambo, hadithi isonge."

Anayemsubiri leo ni Mzee Pencho, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitangaza treni kituoni. Mezani yeye ni Dimo, mchuuzi mwenye maneno matamu. Na meza hii ilikuwa na desturi yake: ukitaka kumshawishi mtu ndani ya mchezo, sema kwanza maneno yenyewe kwa kinywa chako, na ukisema vizuri unapunguziwa namba ya kufikia. Pencho akifungua kinywa, hata banitsa ilisahauliwa.

Kisha akapata kiharusi, na maneno yakagoma.

Aliporudi baada ya Pasaka, Dimo alitakiwa kumbembeleza mlinzi wa lango. Pencho alihangaika na neno moja mpaka jasho likamtoka. Zornitsa hakuweza kuvumilia. Akarusha dadu nyuma ya kadibodi, akatangaza: "Umefaulu, mzee!"

Pencho alinyoosha mkono wake mzima, akainua kadibodi. Namba iliyotakiwa ilikuwa kumi na nne. Dadu ilionyesha tatu. Akachukua koti lake, akaondoka.

"Nilidhani namtendea wema," anasema Zornitsa, machozi yakimlengalenga. "Kumbe nilikuwa namwambia mbele ya watu kwamba amekwisha."

Ginka, mke wa Pencho, anasema tangu siku hiyo mzee hatoki nje. "Sokoni hataki, kwa majirani hataki. Anakaa dirishani tu. Nikampigia simu Zornitsa, nikamwambia, mwanangu, ulichokivunja kitengeneze mwenyewe."

Ndipo Zornitsa akatunga kikwazo cha leo. Mto umefurika, na msafara wa mafuta ya waridi lazima uvuke. Kundi linatakiwa kufaulu mara nne kabla ya kukosa mara tatu, kila mmoja kwa ustadi wa mhusika wake: mwenye nguvu kwa nguvu, mwenye kamba kwa kamba. Hotuba haitakiwi. Mchezaji anaonyesha tu anachokitaka, kwa sababu ulimi ni wa Dimo, si wa Pencho. Lakini namba hazipunguzwi hata kidogo.

Mlango unafunguliwa. Ni Ginka, na mzee nyuma yake.

"Aa, Dimo!" anapayuka Radko, mchezaji ambaye ni dereva wa teksi. "Tulidhani umetoroka na mafuta yetu, mwizi mkubwa wewe!"

Pencho anaguna, anakaa. Macho yake yanatafuta kadibodi, hayaioni.

Mchezo unaanza. Wanafaulu mara tatu, wanakosa mara mbili. Imebaki zamu ya Pencho, na mwenye kivuko anataka kuondoka bila wao.

"Mzee, Dimo anataka nini kwake?" Zornitsa anauliza.

Radko anajaza banitsa mdomoni ili asije akamsemea.

"Su... subiri," Pencho anasema hatimaye.

"Unataka akusubirini?"

Mzee anatikisa kichwa huku na huku, na kwa watu wa hapa huko ndiko kukubali.

"Kumi na nne," anasema Zornitsa. "Rusha."

Dadu inabingirika mbele ya wote. Tisa.

Zornitsa anaitangaza. "Umekosa, mzee. Mwenye kivuko hakusubiri, kamba imekatika. Mapipa yamekwenda na maji, na ninyi wote mmo mtoni, mnaelea kuelekea Rumania."

"Umetuzamisha!" Radko anapiga meza. "Mafuta yote, Dimo! Mungu akuone!"

Pencho anaikazia macho ile tisa. Mabega yanaanza kumtikisika. Ginka anainuka haraka, akidhani mumewe analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika tumbo. Kisha anavuta kiti karibu na meza na kuiokota dadu.

"Tena," anasema.

Zornitsa sasa anataka kutunga kitabu kizima cha vikwazo vya namna hii na kukipeleka kwenye wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Wa kwanza kuvijaribu atakuwa Pencho.

"Huruma kila mtu anawapa," anasema, akimtazama mzee akichagua kipande kikubwa cha banitsa. "Mimi nataka na wao wapate nafasi ya kukosa, kama sisi wengine."