Bango Lililojua Mwisho

Shemeji yangu, mume wa dada, hajui kutulia. Tunamwita Brashi. Ni mchoraji wa mabango, na karakana yake imepakana na saluni yangu, kwa hiyo namsikia akizunguka kutwa nzima. Zamani alichora mabango ya filamu kwa mkono, kwa ajili ya mabanda ya video. Mashine za kuchapisha zilipoingia, akabaki na "Kinyozi" na "Usikojoe Hapa". Miaka yote hiyo hakuna bango hata moja lililobeba jina lake, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Kwa hiyo kampuni moja ya kusambaza filamu ilipotangaza shindano la mashabiki, nilijua raha imekwisha. Mashabiki walitakiwa kuchora bango la filamu inayokuja. La mshindi lingetundikwa mlangoni mwa ukumbi wa sinema, na jina lake chini. Cha kuwaongoza kilikuwa kionjo cha dakika moja tu. Brashi alikitazama kwenye simu yangu hadi bando likakata. Kulikuwa na bibi harusi anayekimbia, bwana harusi mwenye sura ya kutisha, na baba wa bibi harusi akilia. Mwishoni ilionekana kamba tu, na swali: nani atamuua?

"Huyu baba ndiye muuaji," akasema.

"Shemeji! Baba wa watu analia!"

"Analia huku anaangalia mlango. Mwenye uchungu ataangalia mlango wa nini?"

Akachora kama alivyozoea. Mteja wa banda la video hatoi hela yake mpaka bango limwambie nani anakufa na nani anaua. Ukimficha, anakwenda banda la pili. Basi Brashi akamchora bibi harusi amepiga magoti, baba yake nyuma, mkono mmoja ukimpapasa kichwa na mwingine ukificha kamba mgongoni. Nilipoliona kutoka mlangoni, nilimwacha mteja wangu na kichwa nusu kimesukwa, nikaenda kulitazama.

Tulilipiga picha, tukaituma kwa kampuni, na wiki tatu za kusubiri majibu alikuwa kiguu na njia. Alipaka rangi mlango wangu mara mbili bila kuombwa. Aliichukua simu, akaiweka, akaichukua tena.

"Baba watoto, utatutobolea sakafu," dada akamwambia.

Simu ilipolia kweli, akabonyeza spika, tukasikia wote.

"Filamu yetu umeionea wapi?" mwanamke wa kampuni aliuliza kwa sauti kavu. "Waliouona mwisho wake hawazidi sita."

"Sijaiona, dada. Nimekisia tu."

Sauti ikalainika. Majaji wote walikuwa wamelichagua bango lake. Ila wakilitundika vile, filamu ingekuwa imekwisha kabla watu hawajaingia ndani.

"Futa kamba, kaka. Mpe maua. Tunalihitaji Ijumaa."

Siku tatu alilizunguka bango lile. Alichovya brashi, akaifuta, akatoka nje, akarudi. Mimi nilikuwa nimepandwa na hasira.

"Wakatalie! Kazi yenyewe ni hiyo kamba, shemeji. Maua kila mtu anaweza."

Hakuniangalia. "Wewe ukimsuka mtu, anaondoka anajua nani kamsuka. Mimi nina miaka ishirini na sita sijulikani."

Ijumaa asubuhi akachora maua. Yalipendeza mno, nikakosa hata la kukosoa.

Mchana wa onyesho la kwanza tulikwenda watatu. Jina lake lilikuwa pale chini, kwa herufi nyeupe. Dada alizigusa moja moja kwa kidole. Watu walijipanga kupiga picha.

"Baba mwenye upendo jamani," msichana mmoja akasema. "Anamfichia mwanawe maua!"

Brashi akacheka naye, huku akihamisha uzito mguu huu na ule.

Ndani, filamu ikaenda hadi karibu na mwisho. Baba akanyoosha mkono kumpapasa binti yake kichwa, na ule mwingine ukatoka mgongoni na kamba. Ukumbi mzima ukapiga yowe. Shemeji yangu akasimama, mikono juu.

"Nilijua! Mimi nilijua!"

"Kaa chini, mzee," mtu wa nyuma akamwambia. "Ikishatokea, kila mtu alijua."

Akakaa. Taa zilipowaka alikuwa bado ameinamisha kichwa, dada amemshika mkono, na watu wakitupita mbiombio kwenda kupiga picha na yale maua.