Gari Nyekundu ya Arusi

Niacheni nimalize kwanza, halafu mutacheka. Mwingereza mmoja aliacha hapa kwetu Kabimba gari yake ndogo ya sipoti, isiyo na paa, ikiwa kutu tupu. Niliikokota hadi kwenye lupango langu, uani kwa nyumba, nikahangaika nayo mwaka muzima, nikaipaka rangi nyekundu. Jirani alipomuoza binti yake, nikajigamba: maarusi nitawabeba mimi!

Mke wangu, Mama Feza, alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma kununua vitenge. Nikavaa abakosi yangu mupya, ile suti isiyo na tai, nikapiga honi mpaka mlango wa kanisa. Bwana arusi akaizunguka gari, akarudi alipoanzia.

"Papa Feza, mimi nitakaa wapi?"

Viti vilikuwa viwili. Kimoja changu, maana hakuna mwingine aliyeweza kuiendesha. Nilikuwa nimevishona kwa mikono yangu mwenyewe, na bado sikufikiri!

Bibi arusi akapanda. Bwana arusi akafuata nyuma kwa kinga, baiskeli ya kuazima, akinyonga pedali na suti yake. Tulipofika sokoni tulikuwa tumemuacha mbali. Wamama wanaouza samaki wakatupigia vigelegele, halafu mmoja akanitambua, vigelegele vikakatika.

"Papa Feza! Mama Feza anajua?"