Vidonge vya Jioni

Pale kliniki walimwita Mama Meza, na wala hakuchukia. Katika ule utafiti wa dawa mpya ya malaria kwa wajawazito, kazi yake ilikuwa kumpa mama kidonge, kumtazama akimeza, kisha kumwamuru afungue mdomo na ainue ulimi. Wanawake walimtania kwamba huyu hata mumewe hamwamini. Naye alicheka nao, akaendelea kuchungulia vinywa.

Dozi za asubuhi alizisimamia mwenyewe. Za jioni, kwa siku tatu, mama alikwenda nazo nyumbani. Basi siku ya saba damu ya fundi cherehani mmoja, mwenye mimba ya miezi sita, ikakutwa bado ina vimelea. Daktari akakunja uso. Dawa ikishindwa, utafiti mzima uko mashakani. Mama Meza akafunga safari hadi kwa fundi.

Alimkuta na mdogo wake wa kike, wameketi kitandani wanashona vifungo. Akauliza vidonge vya jioni vilimezwaje. Fundi hakuficha kitu, tena alijibu kwa fahari: alimpa mdogo wake, vyote vitatu. Si alikuwa na homa, na mimba yake ya miezi miwili? Na alihakikisha vimemezwa, maana alimfungulisha mdomo na kumwinulisha ulimi kama kliniki.

Mama Meza akajikalia juu ya rundo la vitambaa bila kukaribishwa. Lahaula! Binti huyu alipokuja kliniki na dada yake, ni yeye Mama Meza aliyemkataa kwenye utafiti, akamwelekeza kwenye dawa za kawaida. Dawa mpya haijawahi kujaribiwa kwenye mimba changa, hata moja.

"Za kawaida si ndizo za wasio na bahati?" fundi alisema. "Nisingemwacha mdogo wangu ateseke."

Mdogo mtu akaweka sindano chini. "Kwani mtoto wangu atadhurika?"

Mama Meza akamgeukia. "Hatujui, mwanangu. Hakuna anayejua. Ndiyo sababu tulikukataa."

"Hayo ungetuambia siku ile, mama," fundi akasema taratibu.

Na kweli hakuwaambia. Siku ile foleni ilifika barabarani, naye alimwambia binti, "Wewe huruhusiwi, nenda dirisha la pili," akaita mwingine.