Redio Iliyogoma Asubuhi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi redio pale Ndama, na nilishachoka. Nilichoka na baiskeli, nikachoka na vilima, lakini zaidi nilichoka na redio ya upepo ya zahanati moja kule Bugomora. Ndiyo iliyoita gari la wagonjwa. Ikinyamaza, mgonjwa hubebwa kwa machela ya miti, mabegani mwa wanaume, hadi barabarani.

Mara ya kwanza tatizo lilikuwa waya wa betri tu. Nilipoutengeneza nikaona vumbi ndani, nikataka kusafisha, kumbe spiriti imeniishia. Huku kwetu fundi haondoki mikono mitupu, na wenyeji walikuwa wamenipa chupa ya gongo. Nikafutia hiyo. Gongo ile ilikuwa imepozwa kwa rubisi, pombe tamu ya ndizi, isichome koo. Nikajisifu kwa akili yangu, mjinga mimi.

Baada ya hapo redio ikawa inagoma asubuhi. Nilipoitwa tena nilifika saa saba mchana, nikaikuta inanguruma vizuri. Nikaizima na kuiwasha, ikagoma. Ndani yake, kando ya chipu inayoiongoza, kuna kristali, kidude cha bati kama punje ya mahindi, kinachoipigia chipu mapigo. Mapigo yakikosekana, redio nzima ni bubu. Niligusa mguu wa kristali kwa ncha ya mita ya kupimia umeme, ikaamka papo hapo. Kuamka kwa kuguswa si kupona, kila fundi anajua. Lakini nilikuwa hoi, na nyumbani ni mbali. Nikasema ni uchafu, nikafuta tena kwa gongo ileile, nikafunga.

Mara ya tatu nesi wa zahanati aliagiza nije alfajiri. Nilifika ukungu bado umelala migombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua uone mwenyewe."

Sisimizi walikuwa wamejipanga juu ya kristali. Nilipogusa pale, kidole kikanata. Sukari ya rubisi ilikuwa inanyonya unyevu wa ukungu na kuyaiba mapigo. Jua likipanda inakauka, ingawa si kabisa; ndiyo maana mchana ule iligoma nilipoizima na kuiwasha. Nilichemsha maji, nikasugua kwa mswaki, nikaanika ule ubao wa chipu juani. Jioni nikaiwasha mara kumi, mara zote ikaitika.

Nesi hakufurahi. Aliniambia kwamba wiki iliyopita mama mmoja alishikwa uchungu asubuhi. Redio haikuita. Walimbeba, yeye alipona, mtoto hakupona.

Nilimwambia kosa ni langu, nikamweleza lote. Akasema, "Usiniambie mimi. Nyumba yao ile pale, nyuma ya kahawa. Kamwambie baba wa mtoto."

Nilikwenda. Nilimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu anapunguza majani ya migomba, mkewe amejifunika kitenge mlangoni.

"Shikamoo, fundi," alisema, akanipa mkono, ule mwingine ukishika kiwiko chake kwa heshima. "Nimesikia redio inaongea. Asante sana. Wenzetu hawatapata yaliyotupata."

Nikaitika marahaba. Mkewe akainuka polepole, akaleta ndizi na maharage, akanawisha mikono yangu.

Nilikula nikamaliza, nikashukuru, nikapanda baiskeli. Sikusema.