Kimya Aenda Mjini Kuuliza Njia

Ninachotaka kuwasimulia hapa hakuna atakayekiamini, na atakayekiamini haraka nitamshangaa, maana hata mimi niliyekuwepo kwa macho yangu mawili bado nakitilia shaka. Ni habari ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi wa vioo, ambaye mtaa mzima unamwita Kimya. Jina hilo hakupewa kwa utani. Alibandikwa kama chupa ya siki inavyobandikwa karatasi ya siki, ili anayeifungua asije akalalamika.

Kimya anakata kioo vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi watu nawajua. Anaweka rula, anavuta kigurudumu chake kidogo cha kukatia mara moja tu, sikio ameliinamisha kama daktari anayesikiliza kifua, halafu anagonga kidogo na kioo kinaachana chenyewe bila ugomvi. Aliwahi kuniambia, nadhani ni mwaka ule wa mafuriko, kwamba kioo hutoa sauti fulani mkwaruzo ukiingia sawasawa, na fundi akiwa anaongea hawezi kuisikia. Basi miaka kumi na tisa amekuwa akikisikiliza kioo, na sisi binadamu tunangoja zamu yetu. Siku aliyokuja nyumbani kumposa mdogo wangu alisema maneno kumi na moja. Niliyahesabu. Manne yalikuwa salamu.

Sasa mwezi uliopita msimamizi wa karakana yao alistaafu. Mwenye karakana, mama mmoja ambaye hajui kuzungusha maneno, akamwita Kimya ofisini.

"Usimamizi ni wako," akamwambia. "Kila asubuhi utasimama mbele ya wenzako, utagawa kazi. Mteja akija na malalamiko, utaongea naye wewe. Nakupa mpaka Jumatatu ya wiki ijayo. Ukikataa, namleta yule wa karakana yangu ya pili."

Yule wa karakana ya pili wanamjua wote. Anakata kioo kama anapasua kuni, na kila kinapovunjika mwenye makosa ni kioo.

Kimya akatikisa kichwa.

"Kichwa hicho kinasema ndiyo au hapana?" Bosi akauliza.

Kimya akakitikisa tena, akarudi kwenye meza yake.

Mdogo wangu alinipigia simu siku ya tatu. Nilipofika, alinivuta jikoni na kufunga mlango.

"Kaka, mwenzangu hali chakula. Anasimama mbele ya kioo cha kabati anafumbua mdomo, anaufumba. Anafumbua, anaufumba. Nimeishi na mtu miaka yote hii, sijui leo nimeolewa na samaki."

"Kwani kazi anaitaka au haitaki?"

"Anaitaka mpaka anaumwa! Usiku anataja fremu. Asubuhi namuuliza utamjibu nini Bosi, ananiomba chumvi."

Hapo mlango ukafunguka, Kimya akaingia, akatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

"Jumamosi nakwenda mjini. Nitauliza watu njia."

"Njia ya kwenda wapi, shemeji?"

"Popote."

Ilitubidi tumkamue. Kwa vipande vipande, kila kipande kikija na kikohozi chake, tukaelewa. Hapa kwetu kila mtu anamjua. Akibabaika leo mbele ya muuza duka, kesho anarudi kununua sabuni na muuza duka bado anakumbuka. Lakini mjini akibabaika, amebabaika mbele ya mtu ambaye hatamwona tena mpaka kiama. Kwa hiyo atauliza njia watu kumi, kwa sauti, akiwatazama machoni. Akifika wa kumi, mdomo utakuwa umezoea.

Mimi nimesafiri, nyinyi mnanijua. Nimewaona watu wakienda mjini kutafuta kazi, dawa, vipuri, na mchumba asiyejua madeni yao. Huyu alikuwa wa kwanza kwenda kutafuta sauti yake mwenyewe, kana kwamba aliisahau kwenye benchi la stendi. Lakini nilipolala nikaligeuza lile wazo, nikaona lina akili. Mji una ubaya wake mwingi, ila unakupa kitu kimoja ambacho mtaa wenu hauwezi kukupa: watu elfu wasiojua wewe ni mtoto wa nani na darasa la tatu ulikojoa wapi. Unashuka kwenye basi ukiwa mpya.

"Utamsindikiza, kaka," mdogo wangu akasema. "Wewe si mwenyeji kule?"

Mwenyeji! Mji ule naujua mpaka paka wake.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukashuka stendi. Kimya alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na mfukoni kadi aliyoandika kwa penseli maswali yake kumi: posta, benki, maktaba, hospitali, na kadhalika. Akaanza na muuza magazeti. Akamsogelea, akamtazama machoni kama alivyojiagiza, akafumbua mdomo. Yule muuzaji akangoja. Mimi nikangoja. Nadhani hata magari yalingoja. Mwisho Kimya akanyoosha kidole, akachukua gazeti, akalipa, akarudi.

"Umemuuliza?"

Akanipa gazeti nimshikie.

Huo ndio ukawa mtindo. Kila aliposhindwa kuuliza, aliona aibu kuondoka mikono mitupu, akanunua. Ilipofika saa tano tulikuwa na magazeti matatu, mwavuli, soksi za mtoto mchanga, na kitana. Mwanawe wa mwisho anainama kuingia mlangoni. Na kichwa cha Kimya mwenyewe hakijaona nywele tangu tuwe mashemeji.

"Shemeji," nikamwambia, "ukiendelea kunyamaza hivi utarudi nyumbani na duka zima. Hebu tazama mwenye mji wake anavyofanya."

Nikajiegemeza ukutani, mguu mmoja nimeukunja, nikamwita dada mmoja aliyekuwa anapita na faili mkononi. "Samahani dada, naomba unielekeze benki ilipo."

Akanitazama. Akatazama juu ya kichwa changu. "Baba," akasema kwa upole, "hiyo unayoiegemea ni nini?"

Kimya akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi za benki na soksi zake za kichanga. Nilifanya makusudi, ili kumchangamsha, na nawaomba mlikumbuke hilo.

Lakini kicheko hakikumsaidia. Alijaribu kwa muuza dawa, akatoka na plasta. Saa saba tukakaa kwenye kimgahawa cha pembeni mwa barabara, chai imewekwa mbele yake inapoa. Akaitoa ile kadi mfukoni, akaitazama, akaikunja mara nne.

"Sifai," akasema.

"Bado watu wapo, shemeji, mji haujaisha."

"Jumatatu nitamwambia amlete yule." Halafu, kwa sauti ya chini: "Ataviharibu vioo vyote."

Nilitaka kumtania nikashindwa, na hilo si jambo la kila siku. Kioo kibovu kingemuuma kuliko cheo kilichopotea. Nikaanza kumlipia chai ili nipate kitu cha kufanya.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jipya linamaliziwa. Wanaume watano walikuwa wamekibeba kioo kimoja kikubwa cha mbele, kipana kama ukuta wa chumba, wanakisogeza kwenye fremu ya aluminiamu, na wa sita amesimama pembeni anapiga kelele: shusha, shusha, polepole, shusha. Nikageuka kumuonyesha shemeji. Kiti kitupu.

"Simamisheni!"

Nilitazama huku na huku nione ni nani mwenye sauti ile. Ilikuwa pana, imenyooka, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Magari mawili yalifunga breki. Katikati ya barabara alikuwa Kimya, mwavuli juu kama askari wa zamu.

"Msikishushe! Chini hamjaweka mpira! Kioo hakikai juu ya chuma!"

"Mzee, tunajua kazi yetu," akasema yule wa pembeni.

"Mngejua mngeweka mpira. Jua la saa nane likipiga hapa, fremu itatanuka, kioo kitabanwa, kitaanzia kupasuka pembe hii." Akaigonga pembe yenyewe kwa kidole. "Na atakayekuwa amesimama hapa ni mteja. Vipande viwili vya mpira, kimoja kila upande, robo ya upana kutoka pembeni. Na juu acha nafasi ya kupumua. Mnavyo?"

Mmoja wa wabebaji, mishipa ya shingo imemtoka, akamwambia yule wa pembeni, "Bosi, mimi nilisema mapema kuhusu mpira."

"Wewe ulisema lini?"

"Nilisema, ukaniambia nibebe."

"Kirudisheni chini kwanza, mtabishana mikono ikiwa mitupu," Kimya akawaambia, na wakakirudisha chini, wote watano, kwa pamoja! Kisha akawaonyesha pa kukata mpira na unene wake. Akawauliza fremu ilipimwa na nani. Akamweka yule aliyekuwa mfupi katikati badala ya pembeni. Akawahesabia hatua, moja, mbili, inua, na kioo kikaingia kwenye nafasi yake kikanyamaza. Nilivuka barabara na chai yangu mkononi nikashuhudia.

Yule wa pembeni akajifuta jasho. Hasira zilikuwa zimemwisha, sasa alikuwa na udadisi. "Kwani wewe ni nani, mzee?"

Hapo nikajua mambo yameharibika. Swali linamhusu mwenyewe, hakuna kioo ndani yake. Kimya akatazama mwavuli aliokuwa bado ameushika. Akanitazama mimi.

"Mimi," akasema, "ni msimamizi wa karakana ya vioo."

Nusura nimwage chai.

Kwenye basi la kurudi hakusema neno kwa saa nzima. Mimi nilisema kwa niaba yetu wote wawili. Tulipokaribia nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Nimewadanganya watu sita."

"Ah, shemeji! Huo ni uongo? Huo hata meno haujaota. Mimi hutoa mkubwa kuliko huo kabla ya kifungua kinywa."

"Ndiyo maana wewe si fundi."

Nikalinyamazia hilo, kwa heshima ya mdogo wangu.

"Walinishukuru," akaendelea, amekunja uso. "Yule mfupi alinishika mkono akaniita msimamizi. Nikaitika. Siwezi kukiacha kile kioo pale na uongo wangu juu yake. Kitakaa miaka." Akatazama nje. "Sasa inabidi iwe kweli. Jumatatu nitamwambia ndiyo. Kwa mdomo."

Mdogo wangu aliposikia alinikumbatia mimi badala yake, kisha akauliza zile soksi ni za nani.

Basi ikaja Jumatatu. Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa langoni kwao, napita tu. Bosi akatoka ofisini akasema, "Haya, ndiyo au hapana?" na Kimya akajibu "Ndiyo" iliyosikika mpaka barabarani. Kisha akapanda juu ya sanduku. Mafundi arobaini wakaweka vyombo chini. Sauti ikamtoka kama ngurumo, akahutubia saa nzima bila kumeza mate, vioo vikatetemeka rafuni, Bosi akalia kwa kwikwi, na alipomaliza wakambeba mabegani wakamzungusha karakana nzima, halafu wakauliza aliyemfundisha ni nani, nami nikaitwa mbele, nikavalishwa...

"Shemeji, futa hapo."

Kimya amesimama nyuma yangu na kikombe chake, anasoma ninayoyaandika, sijui tangu ukurasa gani.

"Nifute wapi?"

"Kuanzia kwenye sanduku. Hapakuwa na sanduku. Tuko mafundi tisa. Niliongea dakika tatu, na ya kwanza yote nilikuwa natafuta pa kuweka mikono. Nikagawa kazi, watu wakaenda kufanya kazi. Wewe ulikuwa kwenye benchi la mlinzi, umelala."

"Nilifumba macho nisikilize vizuri."

"Ulikuwa unakoroma. Mlinzi aliniita nije nikuone."

"Sawa, toa sanduku, toa na hao thelathini na moja. Lakini Bosi alilia, shemeji, usinibishie. Nilifumbua jicho moja nikamwona akitoa kitambaa, akakipeleka taratibu kwenye macho, akafuta..."

"Miwani, shemeji. Alifuta miwani."