Mafiga Nyuma ya Darasa

Juma lililopita niliitwa kushika darasa la mwenzangu mgonjwa, hapa Goma. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mtoto akifoka, "Toka pa banki yetu!" Nikatabasamu, rafiki yangu. Maneno hayo ya kugombea banki, yaani dawati la darasani, nayajua tangu utoto.

Sisi tulikuwa tumekimbia vita Kalengera, tukalala kambini Mugunga. Mama aliniruhusu kusoma kwa sharti moja: siku nitakaporudi na jeraha, masomo yamekwisha, nibaki kuchota maji. Basi asubuhi moja mwalimu wetu hakuja, watoto wa mjini wakatufukuza kwenye mabanki. Uwanja wetu ulijaa mawe meusi ya volkano. Wao wakaokota, nasi tukaokota.

Hapo akatokea mwalimu wa muda, mama mnene aliyenukia moshi na sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga. Hakupaza sauti.

"Ee watoto, nani aliwaambia kama mafiga yangu imevunjika? Lakini mawe hayo mumeshika ni madogo. Nani anajua kuchagua jiwe ya kupikia?"

"Ile ya matundu, mama mwalimu," akasema mvulana wa mjini.

"Ile? Iko nyepesi, chungu itaanguka!" nikamjibu.

"Weye mutu wa kambi unajua nini?"

"Ninapika kila siku. Weye unapikiwa na mama yako!"

Watu wote wakacheka, hata mvulana mwenyewe.

Mama mwalimu akatutuma wawili wawili, wa mjini na wa kambini, tulete jiwe kubwa tutakalokubaliana. Tulibishana, tukagonga, tukasikiliza mlio, tukabeba hadi nyuma ya darasa, tukayapanga mafiga. Na jiwe lililoshikwa na watu wawili halirushwi. Mchana tulichoma mahindi juu ya mafiga yale, kisha yule mvulana akanisogezea nafasi kwenye banki yake. Jioni mama alinikagua kichwa na mikono, akakuta masizi tu.

"Kesho uende tena," akasema.

Siku hizi uwanja umemwagiwa sementi. Mawe hayapo, moshi haupo, na mama mwalimu yule ametutoka. Lakini juma lililopita niliingia darasani, nikaelekea kwenye banki iliyogombewa, nikajifanya imenishinda kuisogeza.

"Eh, iko nzito! Nani atanisaidia?"

Waliokuwa wakigombana wakatazamana. Kisha wakainama, kila mmoja akashika upande wake.