Mama wa Shamba la Nduma

Juzi mjukuu wangu, huyu wa chuo kikuu, alinionyesha picha kwenye simu. Mnyama mrefu, mweusi wa kibuluu, hana mguu hata mmoja. "Susu, huyu si nyoka wala nyungunyungu. Ni jamii ya chura." Nikamwambia huyo namjua tangu utoto. Akacheka. "Aka, Susu! Hao wako Taita. Hakuna aliyeandika kwamba wako huku kwetu Kathiani."

Hakuna aliyeandika! Basi rafiki yangu, keti nikuambie mimi niliyeishia darasa la tatu.

Nyanya yangu alikuwa na shamba la nduma kando ya chemchemi. Udongo wa pale ulinata miguuni na kunuka majani yaliyooza. Siku moja nikichimba, bonge likapasuka, nikamwona mnyama huyo amejikunja, watoto weupe wamemzunguka wanamkwangua mgongo. Walikuwa wanakula ngozi yake! Naye ametulia tu. Nikainua jembe. Nyanya akanishika mkono: "Wacha. Huyo analisha watoto. Hata wewe umenila hivyo hivyo." Tukamfunika polepole.

Nikasimulia darasani. Mwalimu akasema huyo ni nyungunyungu. Nikamjibu nyungunyungu hana taya, na huyu, nilipoinua jembe, alinifunulia mdomo wenye meno. "Sema umedanganya, ukae." Sikusema. Kiboko kikaja, sikusema. Akanituma nyumbani mpaka nikubali. Mpaka leo sijakubali. Nyanya hakunigombeza, alinipa jembe.

Na jembe hilo limenitosha. Nimebeba nduma mgongoni hadi soko la Machakos, nimejenga nyumba ya mawe, nimemsomesha mama ya huyu anayenicheka.

Kwa hivyo nilimwambia mjukuu, chukua jembe twende ukamwone. Tulichimba pale pale, ambapo sikuwa nimelima kwa miaka mingi, asubuhi nzima. Vumbi. Hakuna nduma, hakuna harufu, hata nyungunyungu hakuna. Mikalitusi imekunywa chemchemi yote, na mikalitusi hiyo niliipanda mimi, nikitaka mbao. Hapo sina wa kulaumu. Mjukuu hakucheka tena. Alinipangusa vumbi begani, akasema, "Twende, Susu, umechoka." Heri angecheka.

Sijachoka. Kesho anakuja mtu wa msumeno, na mti hata mmoja hautabaki umesimama. Maji yakirudi, na yule mama akirudi, mjukuu ataandika. Asiporudi, mimi nilimwona.